Nilijipima kujiona: maoni yangu juu ya vipimo viwili vya majivuno

Kwa wenye haraka: kipimo cha jozi 40 nakipa nyota tatu kati ya tano, kile kidogo cha sentensi 10 nakipa nne na nusu, na tovuti niliyovifanyia naipa moja, tena hiyo moja ni sadaka. Wenye nafasi wavute mkeka, nieleze.

Mimi ni mpambaji hapa Tanga. Kumbi, majukwaa ya maharusi, hina na piko, mwaka wa 16 huu, na vitambaa vyangu nimevipanga kwenye chumba cha uani pale Ngamiani ambacho zamani kilikuwa jiko la marehemu mama. Mfungo mosi uliopita nilipamba harusi moja Makorora. Tangu alfajiri niko juu ya ngazi na satini ya rangi ya maziwa, pini mdomoni, natundika, nashusha, natundika tena kwa sababu upande mmoja ulilegea kama shuka la mgonjwa. Usiku mama wa bibi harusi akashika maikrofoni. Akamshukuru mpishi. Akamshukuru wa muziki. Akamshukuru hata kijana aliyeleta viti. Mimi nimesimama nyuma ya jukwaa nasubiri zamu yangu. Haikuja. Pilau ilipopita nikasema nimeshiba, nikapanda bajaji, nikarudi kwangu. Kesho yake mama yule akapiga simu aniletee salio langu, shilingi 150,000. Sikupokea. Siku ya pili sikupokea. Ya tatu nikazima simu kabisa.

Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, akaniambia, "Shangazi, si useme tu umesusa?"

"Sijasusa. Nina heshima yangu."

"Basi unajiona." Halafu, kwa kuwa kizazi chao hakigombani bila kiungo, akanitumia kiungo.

Lugha yetu ina mchezo wake hapo. Kujiona ni kujitazama ukajijua, na kujiona ni kuringa. Neno ni lilo hilo, wewe ndiye wa kuchagua unalivaa upande gani. Vijana wao wanaita unarsisti, na mwenye nao ni narsisti. Jina limetoka kwa Narcissus, kijana wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyeona sura yake majini akaipenda mpaka ikamwua. Mtaani kwetu siku hizi kila mume aliyeacha ni narsisti, kila bosi ni narsisti, na mama mwenye nyumba akidai kodi yake ni narsisti. Kwa hiyo nilikifungua kile kipimo kwa dharau, nithibitishe kwamba si mimi.

Kinavyokwenda ni hivi. Unaletewa sentensi mbili mbili, jozi 40, na kila jozi lazima uchague moja hata kama zote mbili si zako. Moja ni ya mtu anayejikubali mno, nyingine ni ya mpole. Ukichagua ya kujikubali unaandikiwa alama moja, kwa hiyo mwisho wa hesabu ni kati ya 0 na 40. Kiko kwa Kiingereza. Kiingereza changu kinatosha kununulia vitambaa, hakitoshi kuungamia dhambi, kwa hiyo binti alisoma na kunifasiria, mimi nikijibu huku napasi satini.

Jozi ya kioo ndiyo ilinisimamisha pasi. Unapenda kujitazama kwenye kioo, au kioo hakikushughulishi? Mimi kazi yangu ni kioo! Ninacho kimoja kirefu cha fremu ya mvule. Bibi harusi anasimama mbele yake, mimi nasimama nyuma yake namweka ushungi sawa, na mle kiooni tunaonekana wawili. Miaka 16 najitazama juu ya bega la mwanamke aliyependeza kunishinda. Hiyo mtu unaijibuje? Nikasema andika napenda.

Nyingine inauliza kama ungeitawala dunia ingekuwa mahali bora, au wazo lenyewe linakutisha. Nikauliza dunia nzima, au naweza kuanza na kamati za harusi? Maana nikizitawala mimi hakuna mchango utakaochelewa. Ipo ya kupenda kuuonyesha mwili wako. Hapo binti alicheka mpaka simu ikamponyoka, kwa sababu usiku wa hina wa dada yake aliniona kwenye baikoko, na baikoko haichezwi kwa kujificha. Ipo ya kutamani siku moja mtu akuandikie kitabu cha maisha yako. Nikasema aandike, mradi asimhoji wifi yangu.

Lakini ipo moja nadhani haikutungwa kwa ajili yetu, na hapo nimekipunguzia nyota. Inauliza ukisifiwa huwa unaona haya, au unajua wewe ni hodari kwa kuwa kila mtu anakwambia. Mama alitulea kwamba ukisifiwa unasema alhamdulillah, ukanyamaza. Ukiongeza neno unajiitia husuda. Mwanamke wa huku hata kama moyoni anajua vizuri sana kwamba hakuna mpambaji kama yeye kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone, mdomo wake hautakubali kulitamka. Kwa hiyo kipimo kinamwandikia 0 kwa adabu, si kwa unyenyekevu. Na kibaya zaidi, mwenye akili kidogo tu anaona ni sentensi ipi itamwaibisha, akaikwepa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa kibaya kinatembea kimevaa baibui.

Nilipata 24. Tovuti ikaniwekea rangi nyekundu na alama ya mshangao, ikaniambia kama nataka ripoti kamili nilipe kwa dola. Nikalipa? Thubutu.

Binti ndiye aliyeokoa jambo. Alitafuta ufunguo wa majibu, akaona zile jozi 40 si rundo moja bali zimegawanyika mafungu saba, tukakaa tukahesabu kwa kalamu nyuma ya kitabu changu cha risiti. Fungu la kupenda mamlaka lina jozi 8. Kujitegemea 6. Kujiona bora kuliko wengine 5. Kujionyesha 7. Kuwatumia watu kwa faida yako 5. Kupenda sura yako 3. Na la mwisho, jozi 6, ni la kudai: kuamini kwamba dunia inadaiwa na wewe. Mimi kwenye mamlaka nilizoa zote 8. Kujitegemea 5, ubora 2, kujionyesha 4, kuwatumia watu 1, sura 2, kudai 2. Theluthi nzima ya majivuno yangu, kumbe, ni kutoa amri! Na mtu anayesimamia vijana wanne juu ya ngazi asipotoa amri, jukwaa litamwangukia bibi harusi.

Tukampima na wifi yangu. Ameniruhusu niseme, kwa sharti nisitaje jina na nimshonee mapazia. Yeye alipata 11, akasimama katikati ya baraza akajipangusa mikono kama aliyemaliza kuchuna samaki. "Mnaona? Mimi sina makuu." Tukahesabu mafungu. Mamlaka 1, ubora 1, kujionyesha 0, sura 0, kujitegemea 0. Kuwatumia watu 4, kudai 5. Akakaa.

Hapo ndipo ninapowaambia wanaotaka kukifanya: hiyo namba moja kubwa inayokuja na rangi msiifuate, ichaneni muone ndani yake mna nini. Mwenye 11 anaweza kuwa mzito kuishi naye kuliko mwenye 24, kwa sababu hesabu inajumlisha kupenda kuongoza na kupenda kunyonya kana kwamba ni nazi za mnazi mmoja. Wenye kazi yao wenyewe wameliona hilo. Kipimo kilianzishwa Marekani na Robert Raskin na Calvin Hall mwaka 1979, na hii ya jozi 40 na mafungu saba ni ya Raskin na Howard Terry, 1988. Mwaka 2011 Robert Ackerman na wenzake wakayapanga upya mafungu yakawa matatu: uongozi na mamlaka, kujionyesha kwa makuu, na kudai pamoja na kuwatumia watu. La kwanza mara nyingi linaendana na watu walio sawa tu katika maisha yao. La tatu ndilo linaloharibu majirani. Sasa tovuti iliyonitia wekundu kwa sababu ya mamlaka yangu 8 hilo haikunieleza. Nimelipata kwa kijana wa shule nyuma ya kitabu cha risiti.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Nilikuwa tayari nampigia binti vigelegele kwamba mimi sijioni, mimi ni kiongozi. Yeye akasema, "Shangazi, kuna kingine. Kifupi."

Hicho cha pili ni cha Holly Hendin na Jonathan Cheek, Marekani pia, mwaka 1997, na sentensi zake waliziokota kwenye kipimo cha zamani cha Henry Murray cha 1938. Sentensi 10 tu. Hakuna jozi. Kila sentensi unaipa namba kuanzia 1, si yangu kabisa, mpaka 5, ni yangu hasa. Jumla inaanzia 10 na kuishia 50. Hakikuulizi kama unapenda kioo wala kama utatawala dunia. Ukikisoma hujui kwamba unapimwa majivuno. Unadhani unaulizwa hali.

Naumia upesi nikidhihakiwa au nikipuuzwa. Nikasema 5, nani haumii? Mara nyingi nachukulia maneno ya watu kwamba yananilenga mimi. Hapo binti hakusubiri jibu, akabonyeza 5 mwenyewe, nami sikumzuia, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimemvalia jirani khanga ya Hasidi hana sababu kwa neno ambalo baadaye niligundua alikuwa akimwambia mbuzi. Sipendi kugawana na wenzangu sifa ya jambo lililofanikiwa. Nikakumbuka ngazi, nikakumbuka wale vijana wanne, ambao na wao hakuna aliyewataja kwenye maikrofoni na pilau walikula. 4.

Halafu ikaja hii: sipendi kuwa kwenye kundi la watu mpaka nijue kwamba walau mmoja wao ananithamini.

Niliomba anisomee tena. Nieleze kwa nini. Kila harusi, kabla wageni hawajajaa, mimi huwa natafuta uso mmoja. Mara nyingi ni bibi mmoja wa upande wa mwanamume, amekuja mapema kwa sababu hana pa kwenda, amekaa kiti cha pembeni na mkoba mapajani. Nampitia mbele yake mara mbili, tatu, najifanya naweka ua sawa. Ua liko sawa! Naweka tena. Mpaka aseme mashaallah, nani kapamba hapa? Akisema, nakula, nacheka, nacheza. Asiposema mtu, mimi usiku ule siko pale hata kama mwili wangu uko pale. Miaka 16 nimefanya hivyo na sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mama, na maprofesa wa Marekani wameliandika kwenye sentensi moja. 5.

Jumla 38.

Kususa. Wataalamu wana maneno yao: mwaka 1991 Paul Wink alionyesha kwamba kujiona kuna nyuso mbili, mmoja wa makuu na kelele, mwingine dhaifu, wa kujificha na kuumia upesi, na katika zote mbili mtu wa katikati ni yeye peke yake. Mimi nasema huo uso wa pili sisi tuna jina lake tangu tukiwa watoto, tulikuwa tunasusa ugali. Mwenye nyodo mtaa mzima unamcheka. Mwenye kususa mtaa mzima unambembeleza, unampelekea na sahani nyumbani, na yeye ndani anahesabu nani kaja na nani hakuja. Nilihesabu mimi. Hata baada ya kuizima simu nilikuwa nikiiwasha kila baada ya swala kuangalia kama mama bibi harusi amepiga tena, halafu naizima.

Nyota nne na nusu kwa hiyo. Nusu nimeikata kwa sababu kuna sentensi ya kuudhika kimoyomoyo watu wakikuletea shida zao wakitaka muda wako na huruma yako, na mtu mwenye wateja, wadogo zake na jamaa wa Pangani, Muheza na Korogwe, wote wakimpigia siku moja, atasema ndiyo kwa uchovu tu wala si kwa kujipenda.

Wiki mbili baadaye nilivirudia vyote, maana mara ya kwanza nilijibu na hasira zangu. Kile kikubwa kilishuka mpaka 21. Kidogo kikatoka 38 kwenda 37. Sijui nyinyi mtasemaje, mimi hiyo moja iliyopungua niliifurahia kama aliyepunguza kilo.

Kuhusu tovuti yenyewe. Matangazo ya video yamekula bando langu la wiki kwa jioni moja. Katikati ya maswali inajitokeza picha ya mwanamke analia na maneno yanayokuhimiza umpime mwenza wako. Msifanye hivyo, jamani. Vipimo hivi vimetungwa mtu ajijibie mwenyewe. Ukimjazia mumeo ukiwa umekasirika atapata 40 kati ya 40, na hukuhitaji intaneti kujua kwamba umekasirika. Mimi nilimruhusu binti anijazie mimi, kwa mzaha, nikiwa nimekaa naye. Tulitofautiana jozi sita. Kubwa ilikuwa ile ya kuweza kumsoma mtu kama kitabu. Mimi nilijipa. Yeye alininyima, akasema, "Shangazi, wewe huwasomi watu, unawaandikia." Huyu mtoto ana miaka 19.

Na lile la ugonjwa. Tovuti ilivyoongea na mimi utadhani nimeshalazwa. Jirani yetu mmoja ni muuguzi kitengo cha afya ya akili, nikamwonyesha, akasema hivi ni vipimo vya tabia kwa watu wa kawaida, kila mtu ana alama zake, kama vile kila mtu ana presha na swali ni kiasi gani. Ugonjwa wa unarsisti ni jambo jingine. Ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutaja kwa mara ya kwanza mwaka 1980, na katika toleo la 2013 una dalili tisa. Daktari anatafuta walau tano, za muda mrefu, zinazoharibu maisha ya mtu kazini na nyumbani, na anazitafuta kwa kukaa na mtu, si kwa kubonyeza. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, hata haiuiti tena kwa jina lake peke yake. Inaangalia tatizo la nafsi ni zito kiasi gani. Kwa hiyo anayekwambia mume wako ni narsisti kwa sababu ya namba, mwambie akaonyeshe cheti.

Kipo na kipimo kingine kirefu, sentensi 52, cha mwaka 2009, kinachopima nyuso zote mbili kwa pamoja kwa namba za 0 mpaka 5. Nilifika katikati umeme ukakatika, na ulipowaka sikuwa na hamu. Waliokimaliza waje kusema.

Salio langu nililifuata Alhamisi, mwenyewe, kwa miguu, bila khanga ya maneno. Mama yule alikuwa barazani anachambua mchele. Akanikaribisha, akaninywesha chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akatoa pesa zimefungwa kwenye kitambaa, zote, akaniambia zilikuwa zinamchoma tangu siku ile.

"Mbona ulipotea mwanangu? Ulikula pilau wewe kweli? Wenzio waliniambia umesusa."

Nikamwambia nilikuwa na homa.